Namba Tisa Iko Chini

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama unaumwa basi iwe kidogo tu, maana nina kazi nawe. Mimi sijambo ukiacha magoti, ambayo siku hizi yanalia kuliko bawaba za kabati la mwalimu mkuu. Binti yangu amejifungua mapacha, wote wa kiume, na chumba chao ni kilekile kimoja. Mkwe wangu anakusalimu.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nikikupigia unasema "haloo, haloo, sikusikii", na siku ukinisikia tunagombana. Barua haikatiki, na utakachoniahidi nitabaki nacho.

Haya, jambo lenyewe. Shule imenipa barua yangu ya kustaafu. Nyumba ya mwalimu natakiwa niwe nimeiacha tarehe thelathini na moja Desemba, kwa kuwa mwalimu mpya anaingia na familia yake mwaka ukianza. Miaka thelathini na saba nimekula vumbi la chaki, halafu wananihesabia miezi ya kufungasha. Kwa binti siwezi kwenda. Sitalala jikoni kwa mkwe wangu nikimvizia atoke ndipo nijinyooshe.

Kwa hiyo ile fleti ya wazazi iuzwe, tugawane nusu kwa nusu. Mimi nataka chumba na sebule, pasiwe na ngazi hata moja. Humu ndani nimeweka hati ya pango, ile yenye majina yetu mawili, na barua ya kukuruhusu usaini kwa niaba yangu. Usisahau kwamba Baba hakununua kuta, alinunua miaka tisini na tisa ya kukaa ndani yake. Kuta ni za kampuni, kwa hiyo kampuni itataka kusikilizwa.

Wewe ni fundi saa. Mara moja tu katika maisha yako, nenda na wakati.

Dada yako

*

Tarehe 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliipata zamani kidogo, nisamehe, kazi zilinibana. Hongera ya mapacha, na pole ya magoti. Mimi mzima. Meza yangu bado ipo hapa dirishani, wateja wananipitishia saa kupitia nondo bila hata kuingia ndani, na siku hizi watu wanaleta saa za ukutani kuliko za mkononi. Sijui kwa nini.

Kuhusu lile jambo, usiwe na wasiwasi. Nimempata mnunuzi, mwoka mikate, yeye na mkewe. Wanapenda kwamba tuko chini kabisa, watauza mikate dirishani hapahapa. Mkewe aliniuliza kwa nini mlango wetu una namba tisa wakati upande huu ni mbili na wa pili ni nne. Nikamwambia ni hesabu za marehemu Baba. Akacheka, yakaisha.

Wakili tuliyempata ni mama mmoja mkali lakini anaeleweka. Anasema hatuwezi kuuza mpaka kampuni itoe barua ya ridhaa. Nikaenda ofisini kwao. Karani akaniambia nilete fomu. Nikaenda kuchukua fomu, nikaambiwa fomu zimekwisha, nirudi Jumanne. Jumanne zikawepo, aliyekosekana ni karani.

Jambo jingine dogo. Mwoka mikate alipanda kutazama tangi la maji, akajigonga ugoko kwenye kile kiti kibovu ambacho Mama Sindano ameweka kwenye kona ya ngazi, ghorofa ya pili. Cherehani yake iko ghorofa ya tatu, kiti kinafanya nini huko katikati? Kinatuharibia biashara.

Mdogo wako

*

Tarehe 15 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mapacha wanakua, mmoja analia usiku na mwingine mchana, kwa hiyo binti yangu amekonda mpaka basi.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta barua ya ridhaa, nikakuta ugoko wa mwoka mikate. Nenda kwa karani kila siku. Kaa pale mpaka achoke kukuona. Mimi nimefundisha watoto wasiotaka kusoma, nakuhakikishia njia hiyo haishindwi.

Na Mama Sindano mwambie kwa adabu akitoe kile kiti. Ngazi ni za watu wote.

Dada yako

*

Tarehe 6 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Kaa kwanza kabla hujasoma.

Kampuni ilituma mkaguzi wiki iliyopita. Kumbe hawatoi barua ya ridhaa mpaka waone nyumba yenyewe na hati mkononi. Mtu mzima, ana miwani machoni na mingine shingoni. Nikamkaribisha ndani. Akasimama mlangoni.

"Hii ni namba tatu," akasema.

Nikamwonyesha tisa ya chuma pale mlangoni. Akabadilisha miwani, akaitazama vizuri, kisha akafungua hati yetu mpaka karatasi ya mwisho kabisa. Dada, ile hati ina ramani nyuma. Kila siku naiona hati, ramani sijawahi kuifungua. Namba tisa imepakwa rangi nyekundu, na iko ghorofa ya tatu.

Tukapanda. Akajigonga kwenye kiti. Tulipofika juu akakuta kati ya mlango wa nane na wa kumi kuna mlango wenye namba tatu, na Mama Sindano amesimama hapo na futi yake shingoni.

"Nani alihamisha namba?" mkaguzi akauliza.

Nikamweleza ukweli, kwamba hatukuhamisha namba, tulihamisha milango. Mama aliposhindwa kupanda ngazi tulibadilishana nyumba na huyu mama, na Baba, kwa kuwa ni seremala, akaona kubeba milango miwili ni rahisi kuliko kununua makufuli mapya. Kila mtu akabaki na mlango wake na ufunguo wake. Yule bwana akafungua daftari, akaandika. Aliandika ukurasa mzima.

Wakili amesoma akashika kichwa. Anasema kwa miaka thelathini na sita tumekaa kwenye pango la mtu mwingine, na yeye amekaa kwenye letu. Nyumba ninayomwonyesha mwoka mikate si yetu kuuza.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Sina hali ya salamu. Wazima, basi.

Kuhama ninakukumbuka, mimi ndiye niliyebeba masufuria. Lakini nilijua Baba alikwenda ofisini kuandikisha. Mtu anayebeba milango juu na chini ngazi hamsini na nne anashindwaje kubeba karatasi mpaka mjini? Na wewe umekaa humo miaka yote hujafungua ramani hata siku moja. Saa ya mtu unaifungua mpaka kokwa, hati yako mwenyewe huijui ina kurasa ngapi.

Dawa ni moja. Mama Sindano asaini kwamba tumebadilishana moja kwa moja, kampuni iandike upya hati mbili, chini iwe yetu na juu iwe yake. Ni mtu mwema, atasaini tu. Wakili aandike hiyo karatasi wiki hii, wewe uipeleke, uniletee jibu. Jibu moja, neno moja, amesaini.

Dada yako

*

Tarehe 2 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo sana. Natumaini mapacha wameanza kukaa. Huku kumekuwa na upungufu wa maji, lakini jana yametoka. Paka wa jengo amezaa ndani ya sanduku langu la mikanda ya saa, wanne, sina moyo wa kuwahamisha. Nimetengeneza pia ile saa ya Mama ya mezani, sasa inakwenda, inachelewa dakika kumi tu kwa siku.

Mwoka mikate anauliza. Nimemwambia avute subira.

Mama Sindano magoti yanamsumbua. Karatasi anayo. Nadhani bado anaisoma.

Mdogo wako anayekupenda

*

Tarehe 11 Agosti

Mdogo wangu,

Nikiona "anayekupenda" najua kuna kitu kimefichwa. Umeniandikia paka, maji na saa. Karatasi ya ukurasa mmoja mtu haisomi wiki saba.

Nimebakiwa na miezi minne na siku ishirini. Mwalimu mpya ameshakuja na mkewe kupima madirisha yangu kwa ajili ya mapazia. Walipima nikiwa nimekaa pale pale nanywa chai, mke akaniomba nisogee. Nilisogea. Hivyo usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwa kuwa wewe huwezi, nimemwandikia Mama Sindano mwenyewe, kwa heshima zote, kumwomba asaini. Barua yake imetoka leo pamoja na hii.

Dada yako

*

Tarehe 9 Septemba

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za paka.

Barua yako kwa Mama Sindano ilifika. Akaniita juu. Sijawahi kuingia kwake tangu tulipomzika Mama, na nilipofika nilikuwa nahema. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akanipa barua yako.

"Isome," akasema. Nikaisoma. Umeandika vizuri sana, kwa kweli. Kisha akaleta lile kopo lake la vifungo, akavimwaga vyote kitandani, na chini kabisa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Sasa isome na hii."

Nakunakilia ilivyo: "Sisi tuliotia saini hapa tumebadilishana nyumba kwa sababu mama wa namba tisa hawezi kupanda ngazi. Siku ambayo hatahitaji tena kukaa chini, kila mmoja atarudi kwake, pasipo ugomvi." Chini kuna saini ya Baba, na saini yake yeye.

Akaziweka karatasi mbili pamoja juu ya cherehani, barua yako na ile.

"Huu ni mwandiko wa nani?" akaniuliza.

Nikaziinamia karatasi zote mbili.

"Mimi sikusoma sana, mwanangu, lakini nashona. Mkono wa mtu ninaujua."

Dada, ile herufi yako ya "h" yenye mkia iko kwenye zote mbili.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimelitafuna muda mrefu. Mama alipofariki, siku ya nne tu, Mama Sindano aliniuliza, "Vipi lile jambo letu?" Nilijua anasema nini, kwa sababu Baba alishaniambia. Nikamjibu, "Tutaongea, mama." Miaka minne imepita. Tumeongea mvua, tumeongea maji, tumeongea paka. Hilo hatujaliongea. Niliogopa kupoteza dirisha langu. Nani atapanda ghorofa ya tatu kuleta saa inayochelewa? Uliponiandikia tuuze nikaona afadhali, maana namba ya mlangoni na namba ya kwenye hati zinalingana, hakuna atakayeuliza. Ningeuza ya kwake nikiwa nimejitia hamnazo. Ramani ndiyo iliyoniumbua.

Karatasi ya wakili haijasainiwa, na haitasainiwa. Yeye hana hasira, na hilo ndilo linaloniua. Nilipokuwa natoka alinishika mkono, akasema anashuka mara moja kwa wiki siku hizi, Alhamisi, na kupanda kunamchukua karibu nusu saa.

Niambie nifanye nini.

Mdogo wako

*

Tarehe 12 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Hujajibu. Nimeuliza posta, wanasema barua zinafika. Mwoka mikate amepata mahali pengine. Sikumlaumu.

Mdogo wako

*

Tarehe 8 Novemba

Mdogo wangu,

Sikuwa naumwa, na posta haina kosa. Nilinyamaza tu. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nimeianza kwa kukugombeza, maana hilo ndilo ninaloliweza.

Niliandika mimi. Kwenye meza ya jikoni, Baba akinitajia maneno, Mama amekaa pembeni mguu ameuweka juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mama Sindano alisema hakuna haja ya karatasi. Baba akasema haja ipo, kwa sababu watu husahau.

Mimi sikusahau. Nilikwambia mwezi wa sita kwamba Baba alikwenda ofisini kuandikisha. Hakwenda, na nilijua hakwenda, kwa sababu hakukuwa na cha kuandikisha. Tuliazima. Tangu Machi, siku nilipokutumia hati, nilikuwa najua, nikajisemea karatasi ile imeshaliwa na mende, na mama yule ni mpole, na mimi sina pa kwenda. Nikakutuma wewe ili mkono uwe wako. Halafu nikamwandikia kwa mwandiko uleule. Miaka thelathini na saba nimewakamata watoto walioibia kwenye mtihani, na wote walikuwa na akili kuliko mimi.

Na nilikwambia umwambie akitoe kiti. Nimekaa nalo hilo wiki nane.

Nina hasira na wewe, usidhani imekwisha. Miaka minne, mdogo wangu, kwa ajili ya dirisha. Lakini siwezi kukugombeza peke yako tena, na inaniudhi.

Mshushe. Usingoje kampuni. Hati hazina shida, hazijawahi kuwa na shida. Za kwake ni chini na zetu ni juu, tulioharibu ni sisi. Rudisha milango mahali pake, mkaguzi akija akute namba zinasema kweli. Wakili nimempigia simu. Anasema ya ghorofa ya tatu inauzika, ila si mwaka huu, na si kwa watu wenye haraka.

Mwaka huu mimi nina haraka. Kwa hiyo nitakuja kukaa huko juu na wewe. Chumba ni changu, wewe utalala sebuleni na paka zako. Najua nilisema nisione ngazi hata moja. Yeye amepanda miaka thelathini na sita, na ngazi hazikuwa zake.

Nafika tarehe ishirini na tisa Desemba. Usinihurumie mbele za watu.

Dada yako

*

Tarehe 4 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Tumemaliza.

Nilianza Jumatatu na fundi wa pili wa kunisaidia kubeba. Mlango wa namba tatu tukaushusha, namba tisa tukaupandisha. Nilikuwa nimeazima randa na patasi, nikijua baada ya miaka yote hiyo mbao zimevimba na matundu yamezibwa. Hayakuzibwa moja kwa moja. Nilipobandua rangi kwenye fremu ya juu nikakuta Baba alikata vijiti vyembamba, akavichomeka kwenye matundu ya skrubu bila gundi. Nilivivuta kwa vidole vikatoka. Chini ni vilevile. Bawaba ziliingia palepale, skrubu kwa skrubu, sikupiga randa hata mara moja. Alijua tutairudisha. Nilikaa chini sakafuni kidogo, fundi mwenzangu akadhani nimechoka.

Mama Sindano alishuka Jumatano. Cherehani tuliibeba watu wawili, kopo la vifungo alikataa lisibebwe na mtu. Aliingia, akatembea chumba kwa chumba akigusa kuta, akaenda dirishani. Nilikuwa nimeshaondoa meza yangu. Akauliza iko wapi. Nikamwambia nimeipandisha.

"Irudishe," akasema. "Cherehani itakaa upande huu, wewe kaa upande ule. Ila asubuhi upige hodi."

Mkaguzi alikuja jana. Alibadilisha miwani mara mbili, chini na juu, akatia mhuri. Aliondoka akitikisa kichwa.

Nilitaka kushusha na kile kiti cha kwenye kona. Nilikuwa nimeshakibeba begani nilipomsikia akiniita toka chini. Amesema nikirudishe ghorofa ya pili, ukutani, mahali palepale kilipokuwa. Mguu mmoja umelegea, nitaukaza kabla hujafika. Amesema ukae pale kila unapopanda, wala usione aibu, na kwamba kuanzia sasa ni chako.

Mdogo wako